Paneli za Chini kwenye Veranda na Mabwawa Yaliyozungushiwa Wavu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Paneli ya chini ni kitu gani hasa?

Ni kipande kigumu cha alumini, mbao au plastiki ngumu kinachofungwa sehemu ya chini ya veranda iliyozungushiwa wavu wa mbu, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti au kiuno, ili wavu wenyewe uanzie juu yake. Wavu huu, ambao wengi wetu huuita waya wa mbu, umetengenezwa kuzuia mdudu. Haukutengenezwa kuhimili mguu wa kiti, ufagio, kucha za paka wala kiganja cha mtoto anayejifunza kusimama, na ndiyo maana mara nyingi huanza kuchanika chini. Huko Marekani, hasa katika jimbo la Florida, ambako watu huzungushia bwawa zima fremu ya alumini na wavu mpaka juu, paneli hii ni jambo la kawaida. Huku kwetu Unguja na Pemba, wengi huikumbuka baada ya kubadilisha wavu mara ya pili au ya tatu.

Nitajuaje kama veranda yangu inaihitaji?

Kabla ya kumwita fundi, chutama ndani ya veranda asubuhi, wakati jua bado liko chini, uutazame wavu huku mwanga ukipita ndani yake. Utaona mambo ambayo mtu aliyesimama hayaoni: matone ya udongo mwekundu yaliyorukia wavu wakati wa mvua, nyuzi zilizovutwa na kucha, tumbo la wavu uliolegea pale watoto wanapoegemea, na tundu dogo kwenye kona ambalo mtu amelibandika plasta. Chukua futi kamba, upime kutoka sakafuni hadi alama iliyo juu kuliko zote. Kipimo hicho kina thamani kuliko kipimo chochote atakachokupa fundi kwa mazoea yake, kwa sababu kinatokana na maisha ya nyumba yako mwenyewe. Kama alama zote ziko mlangoni tu, basi paneli moja ya mlango inatosha, na huna haja ya kuzunguka veranda nzima.

Paneli iwe na kimo gani?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na ninaomba msomaji avumilie maelezo marefu kidogo.

Matone yanayorushwa na mvua, ufagio na miguu ya viti huishia kwa kawaida chini ya sentimita 40. Paka anayejinyoosha kunoa kucha hufika sentimita 60 au zaidi kidogo, na mikono ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu husukuma wavu katika eneo hilo hilo na juu yake. Mtu akitazama hayo tu, atasema iwe sentimita 90, mambo yaishe. Lakini sisi hatukai kwenye viti peke yake. Nyumba nyingi za kwetu, baada ya sala ya alasiri, hutandika mkeka verandani, na anayekaa kwenye mkeka kichwa chake kiko kama sentimita 80 kutoka sakafuni. Ukimwekea paneli isiyo na tundu ya sentimita 90, umemfungia upepo kabisa, na katika miezi ya joto ya Januari na Februari hiyo veranda itageuka stoo ya viti vya plastiki.

Kwa upande mwingine kuna suala la stara. Veranda inayotazama njia ya watu huwakosesha raha wanawake wa nyumba, hasa jioni taa inapowashwa ndani, kwa maana wavu unaoficha mchana huonesha kila kitu usiku. Paneli ya sentimita 75 au 80 humsitiri aliyekaa chini bila pazia. Kwa hiyo ushauri wangu ni kutolazimisha kimo kimoja kwa pande zote: upande wa njia uwe juu kwa ajili ya stara, na upande unaoingiza upepo uwe chini. Ikiwa upande wa upepo ndio huo huo wa njia, tumia paneli ya mbao zilizopangwa kwa kulala na kuinama, kama zile za madirisha ya zamani ya mjini, ili upepo upite na jicho lisipite. Nyuma ya mbao hizo wavu wa mbu lazima ubaki.

Liko pia jambo la hesabu. Shiti nyingi za paneli huuzwa kwa futi nne kwa nane, yaani kama mita 1.22 kwa mita 2.44. Ukichagua kimo cha sentimita 40, shiti moja hutoa vipande vitatu vyenye urefu wa zaidi ya mita saba kwa jumla, na veranda ya mita sita imekwisha kwa shiti moja. Ukichagua sentimita 60, unapata vipande viwili, karibu mita tano. Ukichagua sentimita 75 na kukata kwa urefu wa shiti, unapata kipande kimoja tu na mabaki ya sentimita 47 ambayo huenda usipate pa kuyatumia. Mfahamishe fundi mapema, ili asikate kwanza akafikiri baadaye.

Nitumie paneli ya aina gani?

Alumini ndiyo inayofaa nyumba nyingi, kwa sababu fremu za wavu tayari ni za alumini na metali mbili zinazofanana hazigombani. Shiti nyembamba sana hupiga kelele upepo unapovuma na hubonyea kwa teke moja. Milimita 1 au zaidi ni bora, tena ikunjwe kingo. Zipo pia paneli zenye ngozi mbili za alumini na plastiki katikati, ambazo mafundi wa mabango huzitumia. Ni nyepesi, zimenyooka na hazitoi kelele, ila plastiki hiyo inaweza kushika moto, hivyo zisiwekwe karibu na mahali mnapopikia kwa mkaa.

Mbao ni nzuri kwa macho na kwa mkono. Mvule huvumilia mvua na mchwa kwa miaka mingi, na mbao za mnazi mzee, zikikatwa sehemu ya nje ya gogo iliyo ngumu, hudumu vizuri zikipakwa mafuta. Sehemu ya katikati ya mnazi ni laini na huoza upesi, kwa hiyo kagua kila ubao kabla ya kununua. Plaiwudi ya kawaida sikushauri kabisa. Hata ile ya kuvumilia maji hufumuka ikiwa kingo zake hazikuzibwa kwa rangi au gundi kabla ya kufungwa.

Polikaboneti inayoonesha, yaani plastiki ngumu mfano wa kioo, hufaa pale unapotaka mwanga au unapotaka kumwona mtoto. Kumbuka kwamba hutanuka kwa joto karibu mara tatu ya alumini, kiasi kwamba kipande cha mita 2 kinaweza kuongezeka kama milimita 4 kati ya usiku wa baridi na jua la saa saba mchana. Matundu ya skrubu yawe makubwa kidogo kuliko skrubu, la sivyo paneli itavimba na kupasuka kwenye kona. Kioo cha kawaida kisitumike karibu na sakafu.

Kwa nini mnasisitiza sana skrubu?

Kwa sababu paneli haifi, kinachokufa ni kilichoishikilia. Nimejifunza hili nyumbani kwetu Bwejuu, hatua chache kutoka pwani. Duka moja lilituuzia skrubu zinazong'aa, tukahakikishiwa kuwa hazishiki kutu, na kazi ilipokamilika ilipendeza. Baada ya masika ya pili niliona duara la unga mweupe, kama unga wa muhogo, kuzunguka kichwa cha kila skrubu, na chini yake mchirizi wa rangi ya kahawia. Nilipogusa moja kwa kidole, kichwa kilitoka mkononi na shina likabaki ndani ya fremu. Paneli ilikuwa nzima, rangi yake nzuri, lakini matundu yake yote yalikuwa yamelika na kupanuka hata haikuweza kufungwa tena.

Sababu yake inaeleweka. Chuma cha kawaida na alumini vikigusana katika unyevu wenye chumvi, alumini huliwa, na ule unga mweupe ndiyo alumini iliyokwisha kuharibika. Hewa ya pwani huleta chumvi hiyo kila siku, bahari ikiwa mbele yako au kilomita moja nyuma ya minazi.

Tumia skrubu na riveti zinazofaa. Riveti za alumini kwa alumini ni salama. Skrubu ziwe za stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, na kwa nyumba za pwani ziwe za daraja la 316, ambalo mara nyingi huandikwa A4 kwenye kichwa cha bolti au kwenye pakiti. Daraja la 304, yaani A2, linatosha mbali na bahari. Nenda dukani na sumaku ndogo mfukoni: skrubu ikinaswa kwa nguvu, hiyo si ya daraja lolote kati ya haya mawili, hata ing'ae vipi. Sumaku haiwezi kukutofautishia 304 na 316, lakini itakuokoa na udanganyifu ulio mkubwa zaidi. Weka washa ya plastiki chini ya kila kichwa ili metali zisigusane moja kwa moja.

Na silikoni ya kuzibia nyufa je? Inuse. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula metali; tena silikoni hiyo haishiki vizuri kwenye saruji. Omba ile isiyo na harufu ya siki.

Nyumba yetu ni ya mawe na chokaa. Kuna tahadhari gani?

Ziko mbili. Kwanza, jiwe la matumbawe lina mapango ndani, na chokaa iliyolishikilia ni laini, kwa hiyo bolti ya kutanuka huweza kupasua ukuta au kuzunguka bila kushika. Ni bora mzigo wa paneli ubebwe na sakafu na nguzo za fremu, na ukutani ziwekwe fisha ndefu za plastiki (vile vibomba vinavyoingizwa tunduni kushika skrubu) kwa ajili ya kutuliza tu, zikitobolewa kwa drili isiyopigapiga. Pili, chokaa mbichi na saruji mbichi hubabua alumini na kuacha mabaka ambayo hayatoki. Kazi ya plasta iishe na ikauke kwanza, na pale alumini inapogusa ukuta upite utepe wa mpira au tabaka la rangi.

Wanaokaa Mji Mkongwe wana jambo la kuongeza. Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mabadiliko ya sura ya jengo, ikiwemo veranda na roshani, yanahitaji ridhaa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Nenda ukiwa na picha ya veranda na mchoro mdogo wenye vipimo. Kwa maoni yangu, mbao zinastahiki zaidi kuliko alumini katika nyumba hizo.

Sisi huosha sakafu ya veranda kwa maji. Paneli haitayazuia?

Itayazuia, ikiwa imefungwa ovyo, na hili halielezwi na mafundi wengi mpaka mwenye nyumba alalamike. Fremu ya chini ya alumini ina mfereji ndani yake. Maji ya kufagia, ya mvua, na ya mtu aliyetia udhu pembeni huingia humo, na kama hakuna njia ya kutokea, hubaki. Katika joto letu, mayai ya mbu hufikia mbu kamili kwa muda wa kama wiki moja hadi siku kumi, kwa hivyo utakuwa umefunga wavu wa kuzuia mbu na kuwafugia papo hapo nyumba ya kuzaliana. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengi na kuuma mchana, hutosheka na maji kidogo sana.

Fundi atoboe matundu ya milimita 6 hadi 8 upande wa nje wa mfereji huo, kila baada ya sentimita 50 hivi, na kila tundu lizibwe kwa kipande cha wavu. Sakafu iwe na mteremko wa kuelekea nje. Pale mnapozoea kusukuma maji kwa ufagio, acheni mlango mdogo wa paneli wenye bawaba, unaofunguka kwa nje na kukazwa na komeo.

Je, paneli ifungwe juu ya wavu uliopo, au wavu utolewe?

Kufunga juu yake ni haraka, na aliyepanga nyumba anaweza kuridhika nako. Lakini chumvi, vumbi na buibui hukusanyika kati ya vitu viwili hivyo na huwezi kuvifikia. Njia iliyo sahihi ni kuutoa wavu, kufunga mbao au fremu ya katikati kwa kimo ulichochagua, kuingiza paneli chini yake, kisha kurudisha wavu juu kwa kamba mpya ya mpira, ile inayoubana wavu kwenye mfereji wa fremu. Kamba ya zamani huwa imekauka na haishiki. Ukiwa unanunua wavu mpya, chagua wenye matundu yasiyozidi milimita 1.5.

Itazuia mvua ya masika isiingie?

Itazuia matone yanayoruka kutoka ardhini na maji yanayotiririka kwenye kizingiti. Mvua inayoletwa na upepo itapita juu yake kwenye wavu kama zamani. Kinga ya mvua hiyo ni upenu mrefu au pazia la kukunja.

Upepo mkali hauwezi kuing'oa?

Wavu hupitisha upepo, paneli huupokea, kwa hiyo kila unavyoongeza kimo unaongeza nguvu inayosukuma fremu. Kwa sentimita 40 au 60 huna haja ya wasiwasi. Kwa upande wa mashariki wa Unguja, Paje, Jambiani na Michamvi, ambao hupigwa na kaskazi na kusi kwa zamu bila kizuizi, na kwa paneli zinazozidi sentimita 75, nguzo za fremu zisiachane zaidi ya mita 1.2 na kila nguzo ifungwe sakafuni kwa bolti. Dhoruba kubwa hapa ni chache, lakini zipo: kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya minazi na mikarafuu ya Unguja, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia.

Tuna bwawa la kuogelea lililozungushiwa wavu. Paneli zinatosha kumlinda mtoto?

Hazitoshi, na ninaomba jambo hili lisomwe polepole na kila mwenye nyumba ya wageni na kila mzazi.

Wavu wa mbu hauzuii mtoto. Mtoto wa miaka miwili akiuegemea, kamba ya mpira hutoka kwenye mfereji wake na wavu hufunguka kimya kimya. Paneli ya chini hupunguza hatari hiyo, lakini inapokuwa fupi humpa mtoto kidato cha kupandia. Uzio wa bwawa unaotambuliwa katika sheria za Florida hauwi chini ya futi nne, yaani kama mita 1.2, na kipimo hicho ni cha busara hapa pia. Kwa hiyo kuzunguka bwawa, ama paneli ifike kimo hicho yenyewe, ama nyuma ya wavu kuwe na uzio kamili wa kimo hicho, usio na mbao za kulala ambazo mguu mdogo unaweza kuzikanyaga kama ngazi, na usio na nafasi ya kupita kitu cha sentimita 10.

Paneli ya bwawa iwe ya kuonesha. Paneli ya rangi nzito yenye kimo cha mita 1.2 humficha mtoto machoni pa mama aliyekaa upande wa pili, na maji hayahitaji zaidi ya dakika chache. Mlango ujifunge wenyewe kila unapoachiwa, ufunguke kwa nje, yaani kuelekea mbali na bwawa, na kitasa chake kiwe juu, kama mita 1.5, mkono wa mtoto usipofika. Kiti kisiachwe karibu na mlango huo hata kwa dakika moja. Na baada ya yote hayo, mtu mzima awepo.

Kwa veranda ya ghorofani, hali kadhalika: paneli na wavu si kizuizi cha kuanguka. Reli imara ya mita 1 au zaidi lazima iwepo kwanza, ndipo paneli ifungwe kwenye reli hiyo.

Vipi kuhusu wanyama?

Kuku na paka hukomeshwa na paneli ya sentimita 60, ingawa paka mkaidi atapanda mlangoni, na hapo wavu mzito wa plastiki uliofumwa kwa nyuzi nene hufaa. Mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma na kufika mbali zaidi ya paneli yoyote. Dawa yake ni kumfunga. Kwa wanaokaa karibu na Jozani wenye kima, au Pemba wenye tumbili, paneli haisaidii sana, kwa kuwa mnyama huyo hutumia mikono. Funga wavu wa chuma wenye matundu ya mraba kwa nje, na chakula kisiwekwe mezani.

Utunzaji wake ukoje?

Maji baridi ya mfereji na kitambaa laini, mara moja kwa mwezi mjini na mara moja kwa wiki pwani ya mashariki, hasa siku za kusi. Usitumie maji ya kisima chenye chumvi, wala sabuni kali ya kusafishia choo. Mbao zipakwe mafuta kila mwaka kabla ya masika.

Fundi amemaliza. Nikague nini kabla ya kumlipa sehemu ya mwisho?

Pitisha kiganja kwenye ukingo wa juu wa kila paneli; kama unakukwaruza wewe, utamkata mtoto. Isukume paneli kwa goti katikati na usikilize kama fremu inalia. Gusisha sumaku kwenye skrubu tatu au nne ulizozichagua wewe, si alizokuonesha yeye. Kisha mwombe ndoo ya maji, uimwage sakafuni karibu na paneli, na msubiri pamoja mpaka maji yote yatoke nje kupitia matundu. Yakibaki, kazi haijesha.